Barua ya wazi: Rekebisheni picha za CT-Scan kabla ya kununua mashine za navigesheni za sainasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali. Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa. Wakurugenzi Watendaji wa hospitali za taifa, za kanda na za rufaa za mikoa.

YAH: MASHARTI YA KUNUNUA NA KUTUMIA MASHINE ZA KUONGOZEA UPASUAJI WA SAINASI KWA PICHA

Waheshimiwa,

Tunaandika kama madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, wataalamu wa mionzi, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wahandisi wa vifaa tiba. Ombi letu ni moja. Msitangaze zabuni ya mashine ya navigesheni, yaani ya kuongozea upasuaji kwa picha, kwa hospitali yoyote ambayo bado haijaweza kutoa CT-Scan inayosomeka na mashine hiyo. Kurekebisha picha hakugharimu karibu chochote. Kununua mashine kabla ya hapo ni kuweka mamia ya mamilioni ya shilingi kwenye kona ya chumba cha upasuaji, yafunikwe shuka la kijani.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Kati ya sainasi za ethmoidi, zilizo katikati ya macho, na jicho kuna ukuta wa mfupa ambao wataalamu wa maumbile ya mwili waliufananisha na karatasi, na hawakukosea. Juu yake kuna dari linalotenganisha pua na ubongo. Mahali pembamba zaidi mfupa huo una unene wa milimita 0.2 au chini ya hapo. Nyuma kabisa, katika sainasi ya sfenoidi, neva ya kuonea na ateri ya karotidi, mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo, hupita ukutani, na kwa baadhi ya watu hazina mfupa wa kuzifunika. Mpasuaji anapita humo kupitia tundu la pua, jicho lake likiwa kwenye skrini na mkononi ameshika koleo lenye mdomo wa milimita chache. Hakuna nyumba mbili zenye ramani moja: dari la mgonjwa mmoja limeshuka milimita 2, la mwingine limeshuka 10. Mtaalamu wa maumbile Keros alilipanga jambo hili katika madaraja matatu mwaka 1962, na daraja la tatu, kuanzia milimita 8, ndilo linalomnyima mpasuaji usingizi.

Navigesheni ilibuniwa kwa ajili ya hapo. Timu ya Schlöndorff na Mösges kule Aachen, Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuileta katika upasuaji wa pua na kichwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kanuni yake haijabadilika. Picha za CT-Scan zinapakiwa kwenye kompyuta. Kifaa kidogo cha kufuatilia kinafungwa kwenye paji la uso la mgonjwa. Kompyuta inafundishwa kwamba sehemu hii ya uso ndiyo sehemu hii ya picha. Kisha mpasuaji akigusa mahali kwa kielekezi, msalaba mdogo unaonekana kwenye picha kutoka pande tatu: kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka juu. Usahihi unaokubalika kwa kazi hii ni milimita 2 au pungufu.

Sasa tuje kwenye picha, maana ndiko mambo mengi yanakoharibikia.

Kompyuta hujenga kichwa cha mgonjwa kwa kupanga vipande vya picha kimoja juu ya kingine. Kipande kikiwa na unene wa milimita 3, kila kilichomo ndani ya milimita hizo 3 kinachanganywa kuwa rangi moja. Dari la milimita 0.2 linatoweka, na uso uliojengwa na kompyuta unakuwa na ngazi-ngazi badala ya ngozi laini, kwa hiyo hata kuuoanisha na uso halisi kunashindikana. Vipande vinatakiwa viwe vya milimita 1 au pungufu, vishikane bila pengo, mashine ya CT-Scan isiinamishwe hata nyuzi moja, na eneo la picha lichukue ngozi yote: ncha ya pua, masikio yote mawili, kuanzia chini ya meno ya juu hadi juu ya paji la uso, na kwa baadhi ya mashine hadi utosini. Ncha ya pua iliyokatwa kwenye picha ni kosa la kila siku, kwa sababu mtaalamu wa mionzi alikuwa akitafuta usaha kwenye sainasi na kwa lengo hilo ncha ya pua haina kazi. Eneo la picha lenye upana wa milimita 250 likigawanywa kwa nukta 512 linatoa nukta ya karibu nusu milimita, na hapo pande zote tatu za picha zinakaribiana kwa ubora.

Kamba ya kushikilia kichwa isibane paji la uso, kwa kuwa ngozi iliyobanwa kwenye picha haitafanana na ngozi iliyolegea mezani. Kwa sababu hiyohiyo kilemba au kitambaa cha kichwani kilichokazwa kilegezwe mbele ya mhudumu wa kike, kwa heshima ya mgonjwa. Hereni, pini za nywele na meno bandia yanayotoka viondolewe. Mgonjwa afumbe macho na mdomo, asimeze mate wakati mashine inapita.

Kuna tatizo jingine ambalo viongozi wengi hawalijui. Vipande vyembamba mara nyingi huwa vimepigwa kweli, lakini havitunzwi. Kompyuta ya CT-Scan huvihifadhi siku chache tu, kisha huvifuta ili kupata nafasi. Kinachopelekwa kwenye mfumo wa kutunza picha ni vipande vilivyounganishwa vya milimita 3 au 5, ambavyo msomaji wa picha huvipenda kwa sababu ni vichache. Daktari bingwa anapovihitaji wiki tatu baadaye, havipo. Mgonjwa anarudishwa kupigwa picha upya, analipa mara ya pili na anapokea mionzi mara ya pili kwenye macho yaleyale. Marekebisho yake ni kubadili mpangilio kwenye kompyuta ya CT-Scan ili vipande vyembamba vipelekwe kwenye hifadhi moja kwa moja. Ni kazi ya mchana mmoja kwa fundi anayeijua mashine.

Tangu fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipoziwezesha hospitali za rufaa za mikoa kupata CT-Scan, wagonjwa wengi zaidi wanaweza kupigwa picha karibu na kwao kabla ya rufaa. Hilo ni jambo jema sana. Lakini mgonjwa akifika hospitali za kanda za KCMC, Bugando au Mbeya na filamu ndani ya bahasha ya kaki, au na filamu iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp, navigesheni haina cha kusoma. Inahitaji faili kamili za DICOM, yaani picha zenyewe za kidijitali kutoka kwenye CT-Scan, kwenye CD, flashi au kupitia mtandao wa hospitali, zenye jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa. Filamu inatosha kumweleza mgonjwa ugonjwa wake. Mashine haiwezi kuitumia.

Mkirekebisha hayo na msinunue mashine yoyote mwaka huu, tayari mtakuwa mmewalinda wagonjwa. Mpasuaji mwenye picha nzuri katika pande tatu anakagua mambo matano kabla ya kunawa mikono: kina cha dari karibu na kichujio, mfupa wenye vitundu vya kupitisha neva za harufu, uzima wa ukuta wa jicho, uwepo wa chemba ya Onodi, yaani chumba cha nyuma cha ethmoidi kinachoibeba neva ya kuonea, umbo la sfenoidi na mahali karotidi inapopita, na kama ateri ya mbele ya ethmoidi imening'inia chini ya dari. Ukaguzi huu tunauthamini kuliko mashine yenyewe, na tungependa uandikwe kwenye jalada la kila mgonjwa kabla ya upasuaji, upande wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake.

Hospitali ikishapata picha sahihi ndipo swali la mashine linakuwa na maana. Hapo kinachofuata ni watu, kwa sababu kuoanisha uso na picha ni kazi ya mikono. Mgonjwa akishalala usingizi, bomba la pumzi linafungwa kwenye mdomo wa chini bila plasta kuvuta shavu. Kifuatiliaji kinafungwa imara kwenye paji la uso. Kuoanisha kunafanyika kabla ya sindano yoyote ya ganzi au adrenalini, kwa sababu ngozi iliyovimba kwa dawa si ile iliyoko kwenye picha. Kielekezi kinapitishwa polepole kwenye paji la uso, kingo za mfupa wa nyusi na mgongo wa pua, palipo na mfupa chini ya ngozi. Mashavu yaachwe, ni laini na yanabonyea. Kisha unakuja ukaguzi, na hapa ndipo timu changa hujidanganya. Skrini inaonyesha namba ndogo ya kijani, milimita 0.8 kwa mfano, na kila mtu anaridhika. Namba ile inasema jinsi alama za usoni zilivyolingana zenyewe kwa zenyewe. Haisemi kosa ni kiasi gani ndani ya sfenoidi, ambayo iko sentimita 7 hivi nyuma ya uso, na kosa dogo la mzunguko usoni hukua kadiri unavyokwenda nyuma. Mpasuaji lazima aguse mahali anapopajua: shina la pua katikati ya macho, kona ya nje ya kila jicho, kisha ndani ya pua aguse mfupa usiosogea. Msalaba ukikaa hewani au ukizama ndani ya mfupa zaidi ya milimita 2, kuoanisha kurudiwe. Kukikataa mara ya pili, mashine izimwe na upasuaji uendelee kwa macho na maarifa, au uahirishwe.

Ukaguzi huo urudiwe kila mara kabla ya kuingia eneo la hatari, na kila mara mtu anapogonga kichwa cha mgonjwa au kuvuta shuka. Kifuatiliaji kinachoteleza milimita 3 hakitoi mlio wowote.

Vifaa navyo husema uongo kimyakimya. Mrija wa kunyonya damu unaofuatiliwa na mashine ukipinda kwenye beseni la kuoshea, kompyuta bado inaamini umenyooka. Ncha iliyopinda milimita 2 inaongeza kosa la milimita 2 juu ya kosa lililopo. Wauguzi wa chumba cha kutakasia wapewe kishikio maalumu cha vifaa hivi, na wapewe mamlaka ya kukataa kifaa kilichopinda bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuna jambo linalopaswa kusemwa wazi kwa kila anayesaini hundi. Picha iliyoko kwenye navigesheni ilipigwa siku au wiki kabla. Mpasuaji akishaondoa nyama za pua na kuta za mfupa, skrini bado inaonyesha kana kwamba vipo. Mafuta ya jicho yakishuka ndani ya pua, skrini haijui. Na damu ikijaa, mashine inaweza kuonyesha ncha iko wapi, lakini haionyeshi kilicho mbele ya ncha. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta madhara makubwa yakiwa machache zaidi kwa waliopasuliwa kwa navigesheni. Tafiti nyingi ndani yake, hata hivyo, hazikugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa sababu madhara haya ni machache kiasi kwamba jaribio la namna hiyo lingehitaji maelfu mengi ya watu. Tunaiamini mashine hii kwa wagonjwa wanaoihitaji. Hatuamini kwamba inamfanya asiyejua maumbile ya sainasi awe salama. Inaweza hata kumpa ujasiri asiostahili.

Wanaoihitaji wanafahamika. Chama cha Marekani cha madaktari wa masikio, pua, koo na upasuaji wa kichwa na shingo kimewataja kwa miaka mingi katika tamko lake: wanaorudia upasuaji, waliobadilika maumbile kwa ajali au kwa kuzaliwa, wenye nyama za pua zilizoenea sana, wenye ugonjwa katika sainasi ya paji la uso, ethmoidi za nyuma au sfenoidi, ugonjwa uliogusa msingi wa fuvu, jicho, neva ya kuonea au karotidi, wanaovuja maji ya ubongo puani, na wenye uvimbe wa aina zote. Kunyoosha ukuta wa pua au kufungua sainasi ya shavuni kwa mara ya kwanza hakuhitaji mashine hii. Tunaongeza tofauti moja: timu mpya ianze kwa wagonjwa rahisi, kumi hivi, ili ijifunze kuoanisha na kukagua pale ambapo kosa la mashine halimuumizi mtu. Timu iliyozoea hutumia dakika 10 hadi 20 za ziada. Timu inayojifunza hutumia zaidi, na ratiba ya chumba cha upasuaji ilijue hilo.

Kuhusu ununuzi wenyewe. Kuna aina mbili. Ya kwanza hutumia kamera ya miali isiyoonekana kwa jicho, iliyosimamishwa karibu mita 2 kutoka kwa mgonjwa. Inahitaji kuviona vidude vya kuakisi bila kizuizi, na msaidizi akikatiza mbele au damu ikirukia kidude, msalaba unaganda. Ya pili hutumia uga wa sumaku-umeme kando ya kichwa. Haijali nani amesimama wapi, lakini chuma kikikaribia, kama vile kishikio cha kichwa au meza ya vifaa iliyosogezwa mno, uga unapotoka. Zote mbili zinafaa. Linaloamua maisha ya mashine hapa kwetu ni gharama ya vitu vinavyotumika mara moja. Vidude vya kuakisi, vifuatiliaji vya paji la uso na baadhi ya vielekezi hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, na mara nyingi havibadilishani kati ya kampuni moja na nyingine. Medtronic, Brainlab, Stryker au Karl Storz, kila mmoja ana vyake. Zabuni iliyowekwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kwa bei ya mashine peke yake itamshindisha anayeuza mashine kwa bei ya chini na kurudisha faida yake kupitia vifaa hivyo.

Kwa hiyo zabuni idai bei ya miaka 7: mashine, leseni za programu na upya wake, vifaa vya mara moja kwa idadi ya wagonjwa inayotarajiwa, matengenezo, na mafunzo ya wapasuaji, wauguzi na wahandisi wa hapa nchini. Nywila ya msimamizi wa mfumo ikabidhiwe kwa mhandisi wa hospitali siku ya mapokezi. Mashine ambayo haifunguki bila fundi kupanda ndege bado haijakabidhiwa. Mapokezi yafanyike kwa fuvu la majaribio lenye alama zinazojulikana, na jaribio hilo lirudiwe kila wiki na kuandikwa kwenye daftari. UPS, betri ya kushikilia umeme, iwe sehemu ya zabuni. Umeme ukikatika kwa sekunde chache kabla jenereta haijapokea, kompyuta inazima, na kuoanisha huenda kukalazimika kuanza upya wakati shuka zimeshafungwa na uso umeshavimba.

Kabla ya hayo yote, waulizeni wapasuaji wa ubongo. Mahali ambapo tayari wana navigesheni, mnara uleule wa mashine mara nyingi unaweza kufanya kazi ya sainasi kwa kuongezewa leseni ya programu na vifaa vya pua. Kuwa na minara miwili katika jengo moja, mmoja ukitumika Jumanne na mwingine Alhamisi, ni matumizi mabaya ya fedha za umma.

Kitita cha bima ya afya nacho kitaje vifaa vya mara moja kwa wagonjwa wenye sababu zilizoorodheshwa. Visipotajwa, hospitali itamtoza mgonjwa taslimu au itaacha kuitumia mashine, na yote mawili yanawaumiza wale waliokusudiwa.

Na hospitali isiyo na endoskopu (darubini za kuingiza puani) za nyuzi 0, 30 na 70 zenye mwanga safi, koleo za kukata bila kurarua, mashine ya kunyoa nyama za pua na daktari wa usingizi anayeweza kulaza kwa dawa za mshipani, kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 15 hivi ili damu ipungue, ianze na hivyo. Pamba za adrenalini ya 1:1000 za kuweka puani ziwe kwenye bakuli lake lenye dawa iliyotiwa rangi, isije ikavutwa kwenye bomba la sindano kwa kudhaniwa ni ganzi. Macho ya mgonjwa yasifunikwe na shuka. Muuguzi aweze kuyaona na kuyagusa wakati wote. Ateri ya ethmoidi ikikatika na kurudi ndani ya tundu la jicho, jicho linavimba na kuwa gumu kama jiwe, na retina ina kati ya dakika 60 na 90 kabla ya upofu wa kudumu. Muda huo hautoshi kumsubiri daktari wa macho atoke hospitali nyingine. Kila kituo kinachofanya upasuaji wa sainasi, chenye navigesheni au kisicho nayo, kiwe na seti ndogo iliyotakaswa ya kukata kona ya nje ya kope na kano inayoishikilia, na kila mpasuaji wa pua awe amefundishwa kufanya hivyo kwa mikono yake.

Mashine zikinunuliwa, ziende kwanza kwenye vituo vichache vya kanda vyenye wagonjwa wa kutosha kuitunza timu iwe na mkono mwepesi. Kila upasuaji uandikwe kwenye rejesta moja ya kitaifa: sababu ya kutumia navigesheni, usahihi uliopimwa kwenye alama tatu, muda wa kuoanisha, na madhara yaliyotokea. Hitilafu za mashine zipelekwe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama hitilafu za kifaa tiba kingine chochote.

La kwanza, hata hivyo, ni waraka wa ukurasa mmoja kwa idara zote za mionzi kuhusu picha za sainasi: vipande vya milimita 1 au pungufu, bila kuinamisha, ngozi yote, vipande vyembamba vitunzwe, faili za DICOM apewe mgonjwa bila malipo ya ziada. Waraka huo uambatane na jaribio. Ndani ya siku 30, kila hospitali ya umma yenye CT-Scan itume kwa kituo chake cha kanda picha moja ya sainasi ya mgonjwa aliyepigwa kwa sababu ya kweli, jina likiwa limeondolewa, na kituo kijibu ndani ya wiki moja kama faili imefunguka, unene wa vipande ni kiasi gani, na kama ncha ya pua na masikio yote mawili yamo. Sisi tuko tayari kuzisoma picha hizo.

Wenu katika huduma ya wagonjwa,

Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo, wataalamu wa mionzi, wauguzi wa chumba cha upasuaji na wahandisi wa vifaa tiba